Sumaku ya Kitindamimba

Galaksi ile ilikuwa ndogo mno, kibete miongoni mwa vibete, na ofisini waliibandika jina la Kitindamimba. Kwenye darubini ya redio ilionekana doa tu, lakini doa lenye vurugu: nyota zilizaliwa humo nyingi kuliko uwezo wa nyumba, na kila kizazi kiliisukuma gesi nje mpaka ghala likakaribia kukauka. Swali lililomkosesha Bi Sumaku usingizi lilikuwa moja. Je, kitu kidogo hivyo kinaweza kuwa na uga wa sumaku wa kuizuia gesi isitoroke?

Jina hilo la utani, Bi Sumaku, alipewa na Kaka Mkubwa, mtafiti mwenzake. Walitumia chumba kimoja, birika moja, na feni moja iliyoelekea upande wa kaka. Wote walikuwa wa mkataba, na nafasi ya kudumu ilikuwa moja. Bi Sumaku hakuhofu. Kaka ndiye aliyemfundisha kusafisha data, tena alimchekesha, na mtu wa namna hiyo humwogopi.

Sumaku ikapatikana. Kabla ya kutuma makala, alimpelekea kaka.

"Ipitie vizuri. Usinionee haya."

Kesho yake aliirudisha. "Nimepitia, dada. Iko sawa."

Makala ikatoka, pongezi zikamiminika. Kisha ukaja mkutano wa idara, na Kaka Mkubwa akasimama mbele ya Mkurugenzi, akifuta miwani taratibu. Alisema sumaku ile si ya Kitindamimba hata kidogo. Ni ya galaksi yetu wenyewe, ambayo tumo ndani yake na hatuna budi kuchungulia kupitia humo. Dada alisahau kuiondoa. Ni sawa na mtu anayemchungulia jirani kupitia pazia lake mwenyewe la maua, halafu akasifu maua ya ukuta wa jirani. Watu wakacheka.

"Uliliona lini kosa hili?" Mkurugenzi aliuliza.

"Mara ya kwanza tu nilipoisoma."

Alisema hivyo kwa majivuno, macho makavu. Kosa lilikuwa la Bi Sumaku, na hajawahi kulikana. Lakini kikulacho ki nguoni mwako, na huyu alikaa nguoni akinywa chai.

Nafasi akapewa kaka. Bi Sumaku aliongezewa mkataba mfupi wa kumfuta machozi, na makala yake ikaondolewa. Feni ilibaki ilipokuwa.

Miezi ikapita. Asubuhi moja kaka alimwekea mezani makala yake mwenyewe, kuhusu kasi ya kuzaliwa kwa nyota katika galaksi vibete. Hiyo ndiyo ingempandisha cheo.

"Nisaidie kuipitia, dada. Yaliyopita si ndwele."

Aliisoma yote. Kaka alikuwa ameupima mwangaza wa vibete vyote kwa kuulinganisha na chanzo kimoja cha redio, na chanzo chenyewe ni kile ambacho mwangaza wake hupanda na kushuka mwaka hadi mwaka. Alikuwa akipimia unga kwa kibaba kinachotanuka. Nambari zote zilikuwa bure.

Bi Sumaku alishika kalamu. Kaka alikuwa dirishani, akimimina chai kwenye vikombe viwili. Akaiweka kalamu chini.

"Nimepitia, kaka. Iko sawa."

Alitarajia utamu, akaukosa. Alichohisi ni aibu, na hakuifuata. Kaka alimletea kikombe chake, akamshukuru kwa moyo wote, kisha, kwa mara ya kwanza tangu wakae pamoja, akamgeuzia feni.