Marahaba ya Mara ya Kumi na Moja

Kila tarehe thelathini na moja Desemba nafungua kauntabuku langu na kuandika mambo mawili: kazi nilizofanya mwaka mzima, na filamu tatu nilizozipenda kuliko zote. Hakuna aliyenituma. Nilianza nikiwa kidato cha pili hapahapa Lushoto, nikiandika zile filamu nilizotazama kwenye banda la video la mjomba wangu Sharifu, na kazi za mwaka enzi hizo zilikuwa kuchota maji na kupalilia karoti. Sasa nina miaka thelathini na saba, natengeneza filamu zangu mwenyewe, bila kampuni wala bosi, na bado naandika.

Mwaka huu kazi zimejaza ukurasa. Harusi tisa. Kipaimara kimoja, chenye mahubiri ya saa nzima na dakika arobaini ambayo familia ilitaka yabaki yote. Video ya kikundi cha wakulima wa mboga, ambapo mwenyekiti aliniomba nimwondoe katibu wake kila anapotokea kwa kuwa wamegombana. Nilikataa. Nilimwambia mimi sigeuzi mambo yaliyotokea, kwa sauti ya mtu anayejiona msafi kuliko wenzake, na leo nikiikumbuka sauti ile naona haya. Halafu kuna filamu moja yangu, Kizingiti, dakika thelathini na nane, ambayo ilitakiwa iwe imefika kwenye tamasha la filamu Dar es Salaam kabla ya saa kumi na mbili jioni ya leo.

Kizingiti inahusu binti aliyeondoka nyumbani kwa ugomvi akarudi baada ya miaka tisa. Mwisho wake niliupata kabla hata ya mwanzo: binti anasimama mlangoni, anamwambia baba yake shikamoo, na baba haitikii. Basi, filamu imekwisha. Kwa watu wa huku milimani hakuna haja ya kueleza zaidi. Mtoto asipoamkia atasemwa, pengine atachapwa, na mambo yataisha. Lakini mkubwa aliyeamkiwa akanyamaza, hilo ni jambo la kuitishia kikao cha ukoo. Nilijua mwisho ule utawakaa watu kifuani, na niliupenda kupita kiasi.

Binti aliigizwa na Esta, mwalimu wa chekechea mwenye miaka arobaini na moja. Baba nilimpa Anord, mwigizaji wa hapa mjini, kijana wa miaka thelathini, kwa sababu ana sauti nzito. Nikampaka unga kichwani na kumfundisha kukohoa. Lilikuwa kosa la kipuuzi ambalo mwanamke yeyote anayeuza kabichi sokoni angenionya. Esta hakuweza kumwamkia mtu mdogo kwake kwa miaka kumi na moja. Kila akifungua mdomo anacheka. Anord naye, akimwona dada mkubwa amesimama mbele yake, anatangulia yeye kusema shikamoo. Tulipoteza siku mbili nzima, na siku ya pili nilipandwa na hasira nikapiga teke kiti cha plastiki cha watu kikavunjika.

Ndipo nikampata Mzee Tobia kule Shume. Alifanya kazi kiwanda cha mbao mpaka akastaafu, sasa anatengeneza milango nyumbani kwake, na ni mzee wa kanisa. Ana miaka sabini na minne na uso mtulivu ambao unaweza kuutazama muda mrefu usichoke. Hakuwahi kuigiza. Alikubali kwa sababu mkewe, Mama Jenoveva, alimwambia atakuwa anakaa tu mlangoni, kazi ambayo anaifanya kila siku bila kulipwa.

Siku ya kurekodi Esta akasimama kizingitini, akasema, "Shikamoo baba." Mzee Tobia akaitikia, "Marahaba mwanangu." Nikamkumbusha kwamba hatakiwi kuitikia. Akaomba radhi. Tukarudia, akaitikia. Nikamweleza upya kisa chote, kwamba huyu binti alimtukana, kwamba mama yake alifariki akimsubiri, kwamba baba ana hasira ya miaka tisa. Alisikiliza vizuri, akasema ameelewa, na mara ya tano akaitikia kwa sauti ya hasira. Mara ya nane nilimvuta Esta pembeni nikalalamika, kana kwamba kosa ni lake. Mzee alinisikia. Aliniita akaniambia kwa upole kabisa:

"Hasira naiweza. Hata kumfukuza naweza. Lakini atafukuzwaje kabla hajaitikiwa?"

Mara ya kumi na moja aliitikia chinichini, macho yakiwa miguuni mwa Esta, na mwanga ukawa umekwisha. Nikawashukuru wote nikafunga kamera.

Nyumbani nikafanya nilichofanya. Kabla ya kila mara, Mzee Tobia alikuwa anakaa akinitazama, akingoja niseme tuanze. Uso wake katika kungoja huko ulikuwa mkavu, hauna habari na mtu. Nilichukua sekunde saba za uso huo nikazibandika baada ya shikamoo ya Esta. Marahaba nikaikata. Ukiitazama, utaapa kwamba yule baba amemsikia mwanawe akamnyima jibu. Kumbe ni mzee mwenye adabu zake anayesubiri mimi nimwambie anza.

Nilifurahi mno. Niliruka humo chumbani peke yangu.

Novemba tuliionyesha Shume, mjomba Sharifu akapeleka mashine zake. Mzee Tobia hakuja, alikuwa na homa. Alikuja Mama Jenoveva. Filamu ilipoisha hakuna aliyepiga makofi. Nilidhani imewagusa, na kweli iliwagusa, ila si pale nilipotaka. Mama Jenoveva aliniaga bila kunitazama usoni. Wiki mbili baadaye Esta akanisimulia kwamba watoto wa shule, wakimwona Mzee Tobia njiani, wanashindana nani aende kumwamkia waone kama ataitika. Anawaitikia wote, mmoja mmoja, nao wanakimbia wakicheka. Kanisani mtu mzima mwenzake amemuuliza kwa utani mbona siku hizi ananyima watu marahaba. Watu wanajua filamu ni filamu, alisema Esta, lakini uso ni wake, na ukimya ule wameuona kwa macho yao.

Nilimwambia Esta watasahau. Siku hiyohiyo ikaja barua pepe ya tamasha, ambako nilikuwa nimepeleka nakala ya awali: wameichagua Kizingiti, na walichokipenda zaidi ni ule ukimya wa mwisho. Nilichotakiwa kufanya ni kusafisha sauti na kuwatumia nakala kamili kabla mwaka haujaisha. Miaka kumi na miwili nasubiri barua kama ile. Niliisoma mara nyingi kuliko inavyostahili, na kila nikifika kwenye neno ukimya narudi mwanzo.

Jana nikapanda Shume. Sitajisifu: sikwenda kuomba radhi. Nilikwenda kutafuta ruhusa, nikijua kwamba akishasema sawa mwanangu, na ni mtu wa kusema sawa mwanangu, nitalala usingizi. Nilipanga hadi maneno. Ningeanza na habari ya tamasha, nimwambie kwamba atajulikana hadi Dar.

Nilimkuta uani anapiga randa ubao wa mlango, ukungu umeshuka mpaka kwenye paa la jiko. Nikasogea karibu nikasema, "Shikamoo baba."

Hakuitika. Randa ikaenda, ikarudi. Nikadhani hajasikia, nikasema tena, kwa sauti kubwa kidogo. Akainua macho akanitazama usoni, kisha akarudi kwenye ubao wake. Mimi kazi yangu ni kuhesabu sekunde, kwa hiyo nilihesabu. Zikapita saba, zile zangu. Zikapita kumi na tano. Mama Jenoveva alitoka jikoni na sufuria, akaona, akasimama. Ilipofika ishirini na kitu nikaacha kuhesabu, kwa sababu machozi yalikuwa yananilenga, mimi mtu mzima, na sikujua mikono yangu niiweke wapi. Nilitaka kuondoka na nikashindwa, maana utaondokaje mahali ambapo hujakaribishwa wala hujafukuzwa?

Mwisho aliweka randa chini, akapangusa mikono.

"Marahaba, Shamsa," alisema. "Siku ile ilinishinda kumnyamazia Esta, hakuwa amenikosea. Wewe ndiye uliyeitaka, basi nimekupa wewe. Karibu ukae."

Nikakaa. Nikaomba radhi, ya kweli, na maneno niliyoyapanga njiani hayakunijia hata moja. Alisema mambo ya filamu yeye hayajui, nifanye ninavyoona, ila mdomo wake nisiufanyie kazi ambayo mwenyewe hakuifanya. Kisha akamwambia mkewe jambo kwa Kishambaa, wakacheka wote wawili, na nikaletewa viazi na chai. Habari ya tamasha nilisahau kuisema.

Leo asubuhi nikafungua kompyuta nikarudisha ile ya mara ya kumi na moja, marahaba ya chinichini. Sikuwahi kuitazama mpaka mwisho, kwa kuwa siku ile niliihesabu kuwa ni takataka. Baada ya kuitikiwa, Esta anashika fremu ya mlango na kuinama, kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni. Hilo halikuwa kwenye muswada. Sijui kama ni bora kuliko mwisho wangu. Nasema ukweli, ule wangu ulikuwa mkali zaidi na bado naupenda. Nikaituma hivyohivyo, saa nne, pamoja na maelezo.

Saa nane wakajibu kwa heshima. Filamu waliyoichagua ni ile ya kwanza, na nafasi ni ya ile ya kwanza. Wananisubiri mpaka saa kumi na mbili. Faili lake ninalo hapa mezani, kulituma ni dakika ishirini.

Nimelitazama faili hilo tangu saa nane. Nikaona nimalizie kauntabuku.

Filamu ya tatu kwa mwaka huu ni ile ya mapigano ya Kichina aliyoionyesha mjomba Sharifu wakati wa Idi, kwa sababu mtafsiri wake alipotewa na hadithi katikati akaanza kutunga yake, na ya kwake ilikuwa nzuri kuliko ya Wachina. Ya pili ni filamu ya dakika kumi na mbili aliyoipiga msichana anaitwa Glory, wa Bungu, kwa simu yake: mama yake anachagua mbegu za maharage, hasemi kitu, anachagua tu, na ukimaliza kuitazama unajua mvua zilizopita zilikuwaje. Nilimwonea wivu wiki nzima. Ya kwanza nimeandika hivi: Mzee Tobia na randa, Shume, tarehe thelathini. Haikurekodiwa.

Kwenye ukurasa wa kazi, mbele ya Kizingiti, nimeandika: imekamilika. Nilitaka kuongeza kwamba imekataliwa, halafu nikaona haijakataliwa, ni mimi ndiye sijaituma. Nimelia kidogo. Miaka kumi na miwili si mchezo, na sitaki mtu aje aniambie nimefanya jambo la maana, maana nitamrushia kitu.

Saa kumi na moja na nusu nikafuta lile faili, kwa sababu najijua. Kisha nikapiga simu Shume kuwatakia heri ya mwaka mpya. Nilidhani atapokea Mama Jenoveva, akapokea mwenyewe. Nilipojaribu kusema shikamoo ilitoka nusu.

Akaitikia kabla sijaimalizia.