Nikaua Ile ya Wamae

Barua kutoka Arusha ilikaa siku nane kwenye mkoba wa Wangechi, na kwa siku hizo nane mji wa Nyeri ulijua yaliyomo kumshinda yeye mwenyewe. Mahakama ya kimataifa, ile iliyokuwa ikiwahukumu wakubwa wa mauaji ya Rwanda, ilimtaka akamtetee mmoja wao, mtu aliyeshtakiwa kwamba alitoa amri majirani wachinjane. Huo ulikuwa mwaka wa tisini na saba. Posta, sokoni, mlangoni pa kanisa, kila mtu alikuwa na neno.

"Wakili, ati unaenda kutetea yule shetani?" muuza viazi alimwuliza huku akimjazia kikapu.

"Viazi zako ziko na udongo mwingi," Wangechi akamjibu, akajiondokea.

Ya watu aliyaweza. Miaka ishirini na zaidi ya uwakili ilikuwa imemfundisha kwamba pilipili usiyoila haikuwashi. Aliyoshindwa nayo yalikuwa ya mtu mmoja tu. Mama yake, Watiri, bibi wa miaka themanini aliyeishi peke yake Gakindu, alikuwa amemtumia ujumbe kupitia wanawake wa kanisa: Wangechi akienda Arusha, asimwite mama tena. Na Arusha walitaka jibu Jumatatu. Basi Jumamosi asubuhi Wangechi aliwasha gari lake kuukuu akashika njia ya Mukurweini kwenda kwake, roho ikimdunda kama ya msichana aliyevunja sahani. Bila baraka ya mama yake hangekwenda. Hilo alikwisha kuliamua, na liliuma.

Ilikuwa asubuhi ya baridi, mlima uko wazi, theluji yote nje. Asubuhi za namna hiyo zilimrudisha daima kwenye mwaka wa sitini na nane.

Ah, Nyeri ya miaka ile! Uhuru ulikuwa bado unanuka rangi mpya. Wangechi alikuwa na miaka ishirini na mmoja, mpiga chapa wa wakili Moffat, aliyepanga chumba cha ofisi juu ya duka la nguo, ngazi za mbao zikilia kila mteja alipopanda. Moffat alikuwa na suti moja ya kahawia na kizibao chake, jiko la mafuta ya taa lililotoa moshi kuliko joto, na mandazi ya saa nne ambayo hakuyakosa hata siku ya hukumu. Maskini, alikwisha kufa kitambo. Wangechi alimkosa hata leo, akikumbuka jinsi alivyokuwa akifuta makombo ya andazi kwenye masharubu kabla ya kuvaa joho.

Alikuwa na desturi moja iliyowachekesha mawakili wenzake. Hakuamini karatasi iliyosomwa kimya. Kila maelezo ya shahidi au mshtakiwa yaliyotoka polisi, Wangechi alipaswa kuyasoma kwa sauti, tena kwa lafudhi ya mwenyewe.

"Karatasi haina mdomo," Moffat alikuwa akisema. "Wewe ndiwe mdomo yake. Soma vile mtu alisema. Usitengeneze."

Basi alisoma. Mkamba akamsoma Kikamba, mzee wa Othaya akamsoma kizee, na siku nyingine wote wawili walicheka hadi mwenye duka akagonga dari kwa ufagio. Zilikuwa siku tamu, hakuna siku tamu kama hizo.

Halafu baba yake akauawa.

Wamae, baba yake Wangechi, alikutwa asubuhi katikati ya kahawa yake, amepasuliwa kichwa. Jana yake jioni alikuwa amegombana na jirani yake, Mutahi, kwa sababu ya mpaka wa shamba. Gakindu nzima ilisikia kelele. Mutahi akakamatwa kabla ya jua kupanda, na siku ya pili habari zikaja kwamba amekiri. Kwisha. Waliobaki walikuwa wanasubiri kamba tu.

Kwa kuwa mtu wa kesi ya kitanzi hawezi kusimama bila wakili, na Mutahi hakuwa na wa kumlipia, serikali ilimteua wakili wa kumtetea. Ikamteua nani? Moffat! Ngai, dunia hii.

Moffat alimwita Wangechi, hata mandazi hakugusa. "Hii faili si yako," akamwambia. "Nenda nyumbani ukae na mama. Nitatafuta mtu mwingine wa kupiga chapa."

"Nataka kuisoma," Wangechi akasema. "Nataka kusikia alivyosema alipomuua baba."

Siku hizi wakili angemruhusu binti wa marehemu kugusa faili kama lile, angevuliwa joho kabla ya chakula cha mchana, na ingekuwa haki. Moffat alimtazama sana. Alijua alikuwa anakosea, akakosea hivyo hivyo, kwa sababu ya machozi ya msichana. Akamsogezea faili.

Ndani kulikuwa na karatasi mbili. Moja ilikuwa tafsiri ya Kiingereza, safi, imepigwa chapa. Ya pili ilikuwa maelezo yenyewe kwa Kiswahili, mkono wa Inspekta Wandera, aliyemhoji Mutahi. Wandera alikuwa mtu wa Busia, asiyejua Kikuyu, muungwana, hakumpiga mtu kofi; aliandika alichosikia. Kiingereza kilisema wazi: nilikuwa na hasira, nikamuua Wamae, nikaenda zangu. Wangechi akaishika ile ya Kiswahili, akaisoma kama Mutahi, kwa ile Kiswahili yetu ya mlimani inayogeuza kila l kuwa r.

"Turikosana na Wamae. Mimi nirikuwa na hasira. Nikaua ire ya Wamae, nikaenda kurara."

Akarudia. Nikaua ile ya Wamae.

Ile ya Wamae ni nini?

Jamani, ukitaka kumjua Mkikuyu anayejikokota kwa Kiswahili, msikilize akivunja kitu. Kwa Kikuyu, *kuuraga* ni kuua, na kuuraga ni kuvunja vilevile. Mtu huuawa na chungu huuawa, neno ni lile lile. Wangechi mwenyewe alipokuwa mdogo alichapwa shuleni kwa kumwambia mwalimu kutoka pwani kwamba ameua kikombe. Na uani kwao, siku ile ya msiba, alikuwa ameviona vigae vya chungu kikubwa cha mama yake, kile cha kupikia githeri, mahindi na maharagwe yetu, vimetapakaa karibu na mlango. Aliviruka akielekea kwenye maiti ya baba yake, wala hakuvifikiria tena.

Mutahi hakujua chungu kinaitwaje kwa Kiswahili. Alisema ile.

Wangechi alikaa na karatasi ile magotini. Alimchukia Mutahi, tusidanganyane. Alimchukia kwa chuki iliyomnyima usingizi. Angeweza kufunga faili na kunyamaza. Neno lilikuwa dogo, na Moffat alikuwa amegeukia dirisha. Akafungua mdomo akamwambia, na alipokuwa akimwambia alikuwa akilia kwa hasira.

Mahakamani, Jaji na wazee watatu wa baraza wakiwa wamekaa, Moffat hakumsumbua Wandera sana. Alimwuliza tu kama aliona vigae uani. Wandera akasema ndiyo, aliviona. Kama alimwuliza Mutahi habari za vigae hivyo. Wandera akasema, "La, bwana. Sikumwuliza." Alisema kweli bila kujikingia, na Wangechi alimheshimu kwa hilo maisha yake yote.

Kisha akapanda Watiri, shahidi wa serikali, mjane katika nguo nyeusi. Alieleza kwa Kikuyu juu ya ugomvi, na mkalimani akatafsiri. Moffat akasimama taratibu.

"Mama, pole sana. Chungu chako kilipatwa na nini jioni ile?"

Watiri alimkazia macho. Alijibu kwa uchungu wote aliokuwa nao, kwamba Mutahi alikipiga teke, ni Mutahi aliyekiua, kisha akaondoka akitukana.

Mkalimani akafungua kinywa, akakwama. Wazee wa baraza wakatazamana. Mmoja akaguna kwa sauti, "Hii!" Jaji akauliza kuna nini, na ikachukua robo saa kumwelewesha. Mbali na karatasi ya Wandera, hakukuwa na ushahidi mwingine wowote. Mutahi akaachiliwa siku ya tatu, akauza shamba akahamia Doldol kuchuuza mbuzi, asionekane tena Gakindu.

Siri Gakindu haikai. Watiri alipojua ni binti yake aliyelitoa neno lile, alimwita jikoni akamwambia, "Umemzika baba yako mara ya pili." Zaidi ya miaka miwili hakumpa hata kikombe cha chai. Kisha mwaka wa sabini na moja mwizi wa kahawa akakamatwa upande wa Kagio, akaeleza mwenyewe, hata mahali alipolificha rungu, jinsi alivyomuua mzee wa Gakindu aliyemfuma shambani usiku. Rungu likapatikana. Siku ile Watiri alimkaribisha Wangechi chai. Hakusema lolote zaidi, na Wangechi hakuuliza. Mwaka uliofuata Wangechi akaenda Nairobi kusomea sheria.

Haya ndiyo aliyokuwa akiyawaza alipoegesha gari uani. Watiri alikuwa ameketi kwenye kigoda, anachambua maharagwe kwenye ungo. Hakuinua uso.

"Umekuja kuaga ama kuuliza?"

"Kuuliza, Maitu."

"Huyo mtu alifanya?"

"Sijui. Pengine alifanya."

"Na kama alifanya, wewe unaenda kumnawisha mikono?"

"Naenda kusoma karatasi zake kwa sauti," Wangechi akasema, na sauti ikamtoka kwa ukali kuliko alivyokusudia. "Kama alifanya, afungwe kwa alilofanya. Wale waliofiwa, Maitu, wanataka mwenyewe hasa, hawataki mtu yeyote tu. Wewe ulifiwa. Ungetosheka na yeyote?"

Watiri akaweka ungo chini. Kuku wakaanza kudonoa maharagwe, naye hakuwafukuza.

"Nilikuwa na kondoo dume," akasema hatimaye. "Nilimtenga, nikamnenepesha kwa majani ya viazi vitamu. Kila asubuhi nilimpapasa mgongo nione kama mafuta yamekaa. Alikuwa wa siku ile Mutahi atakayonyongwa. Nilitaka kuwaita wanawake wa Gakindu nzima tule, tuimbe. Sijamwambia mtu hilo. Hata mchungaji."

Wangechi akachuchumaa kando ya ungo.

"Walipomshika yule mwizi, nilijifungia jikoni mle. Nikasema, Watiri, ungeimba juu ya mtu asiye na kosa, mafuta yakikutiririka mkononi. Ningekuomba msamaha siku ile. Niliona haya, nikakupa chai." Akajifuta macho kwa ncha ya leso. "Si huyo wa Arusha aliyenifanya nikukataze. Nilijua watakuuliza kazi hii uliianzaje. Utasimulia, nami nitajulikana."

"Singeweza kusimulia ya kondoo, Maitu. Sikuyajua."

"Sasa umeyajua."

Watiri akaishika mikono ya binti yake, akaifungua, akaitemea mate kidogo kwenye viganja, kama wazee walivyobariki kabla kanisa halijafika, akaikunja tena ngumi moja moja.

"Nenda," akasema. "Na wale wanaotaka kamba haraka, wasimulie. Ya kondoo pia uwasimulie."