Siku Tatu za Nairobi

Apolot alipomaliza shahada ya uchumi Makerere mwaka 1995, kijiji chao karibu na Kumi kilimchinjia beberu. Hakuna binti wa pale aliyekuwa amevaa joho kabla yake. Lakini miezi ilipita akisambaza barua za maombi Kampala nzima, wakati ofisi zilikuwa zinapunguza watu, haziajiri. Ndipo aliposema atakwenda Kenya. Kwao, Kenya ni Nairobi. Baba yake, mzee Okiror, akauza maksai mmoja wa kulimia, na wanawake wakamsindikiza binti hadi barabarani wakiimba.

Nairobi alikaa wiki tatu. Kila mlango aliobisha waliuliza kitambulisho cha Kenya kabla hawajauliza cheti. Mwenyeji wake akaanza kununa kila akimwona anamimina chai. Siku ya ishirini na mbili alipanda basi la kurudi, akashuka Malaba, akauona mwamba wa Tororo ng'ambo, na miguu ikagoma. Angerudi vipi mikono mitupu, na maksai ameshauzwa?

Basi akabaki pale pale mpakani, upande wa Kenya. Mubaraka, wakala wa forodha, alimpa kazi ya kuchapa fomu za mizigo kwa taipureta kuukuu, kazi ambayo hata aliyeishia kidato cha pili angeiweza. Akapanga chumba nyuma ya maegesho ya malori.

Upweke wake ulikuwa wa ajabu. Wateso walikuwa tele Malaba. Sokoni wanawake walizungumza lugha ya mama yake. Lakini akifungua tu kinywa, waliicheka lafudhi yake wakamwita yule wa Uganda. Kiswahili nacho alikuwa amekulia akikiogopa, maana kwao kilikuwa lugha ya wanajeshi, lugha ya "lala chini" na "toka nje." Alijifunza upya kwa madereva. Akajua kusema muhuri, turubai, foleni, kutania hakuweza. Siku nyingine jua lilikuwa linatua ndipo agundue kwamba tangu asubuhi hajasema neno lisilohusu mzigo wa mtu. Jumapili ndizo zilizokuwa mbaya zaidi. Akitoka kanisani alifua hata nguo ambazo hazikuwa chafu.

Nyumbani aliandika. Aliwasimulia ofisi ya ghorofa ya sita, dirisha lake, wenzake wa kazini. Barua alimpa Adam, dereva wa lori, akazitie posta Nairobi ili muhuri usimsaliti.

"Sister, kwani posta ya hapa iko na shida gani?" Adam aliuliza siku moja.

"Ya huko ni haraka," akajibu. Adam akamtazama, akaitia barua mfukoni, asiulize tena.

Mwaka ukazunguka. Asubuhi moja ya Novemba, Mubaraka aliita kutoka mlangoni.

"Apolot! Kuna mzee hapa haskii Kiswahili. Si wewe ni mtu wa huko? Kuja uongee na yeye. Nafikiri anatafuta basi ya Nairobi."

Apolot akainuka. Aliona kwanza suruali iliyopigwa pasi hadi mstari ukasimama, kisha kikapu chenye kuku, kisha bahasha yenye mwandiko wake mwenyewe.

"Papa," alisema.

Mzee Okiror alimtazama. Akaitazama taipureta, akayatazama malori, akatazama ndara za binti yake zilizojaa vumbi.

"Nilidhani Nairobi iko mbali zaidi," alisema kwa Kiteso.

Apolot akaanza kueleza.

"Kuku huyu atakufa kwa jua," baba akamkatiza. "Unakaa wapi?"

Chumbani alimweleza yote, tangu vyeti hadi posta ya Adam. Mzee alisikiliza bila kumkemea, jambo ambalo lilimuumiza binti kuliko kukemewa.

"Twende nyumbani," alisema mwishowe.

"Nikafanye nini?"

"Shamba lipo."

"Papa, ulinisomesha nirudi shambani?"

Nje lori lilinguruma likirudi nyuma, mtu akipiga kelele, "Kuja, kuja, kuja!"

"Mama yako amelitangazia kanisa zima kwamba nakuja kukuona ghorofani," alisema baadaye. "Nikirudi leo watajua. Nitakaa siku tatu. Mtu aliyekwenda Nairobi hawezi kurudi kabla ya hapo."

Siku tatu mzee alikaa kwenye benchi nje ya chumba cha bintiye. Kila Apolot alipotoka kazini alimfundisha Nairobi, naye akairudia kama mwanafunzi anayekabili mtihani.

"Hicho chumba kinachopanda juu chenyewe, mtu analipa?"

"Halipi."

"Nitasema niliogopa kuingia."

"Watakucheka, Papa."

"Wacha wacheke. Wakicheka wataamini."

Apolot alicheka hadi akashika mbavu. Hakukumbuka mara ya mwisho alipocheka kwa sauti.

Siku ya nne alimnunulia mkate, akaufunga kwa gazeti la Nairobi, akamsindikiza hadi kwenye kizuizi cha mpakani.

"Barua usiache kuandika," baba alisema. "Ila uwe unaandika na moja ya kweli. Hiyo nitumie mimi peke yangu."

"Papa, wewe hujui kusoma."

"Najua. Nitaiweka tu."

Akavuka, mkate kwapani, akapotea katikati ya wapagazi na baiskeli. Apolot alibaki amesimama, watu wakimpita huku na huku, wengine wakimsukuma, hadi askari akamkaribia.

"Dada, unavuka ama huvuki?"

"Sivuki," alijibu.

"Basi toka njiani."

Akarudi ofisini. Mubaraka alimwambia madereva saba wanangoja fomu, akamuuliza kama mgeni amevuka salama. Apolot akasema amevuka, akaingiza karatasi kwenye taipureta, akaanza na wa kwanza.