Kabati la Ndani

Chuoni walimwita Chapchap, na jina lilimkaa kama nguo iliyopimwa mwilini. Kazi ya wiki aliimaliza kwa siku mbili, kisha akazunguka kuwauliza wenzake kama bado wanakuna vichwa. Alikuwa kifungua mimba wa mama mshonaji, na mama alikwisha kukata kitambaa cha gauni la mahafali. Ilibaki kazi moja tu, utafiti wa mwaka wa mwisho. Asiyewasilisha Ijumaa, au atakayekataliwa, hurudia mwaka mzima. Hapo hapakuwa na cha mjomba wala shangazi.

Utafiti wenyewe ulikuwa na mwenye kuungoja. Wodi ya watoto ilifurika, watoto wawili kitanda kimoja, na daktari mkuu wa wodi alitaka kujua kama mtoto wa nimonia aliyepata nafuu anaweza kuruhusiwa siku ya tatu badala ya ya tano. Mwaka uliopita madaktari wengine waliruhusu siku ya tatu, wengine ya tano, kila mmoja na kichwa chake. Chapchap akashuka masjala ya hospitali, akavuta mafaili yote ya nimonia ya mwaka ule kwenye rafu za dirishani, mia moja na ishirini, akahesabu. Wa siku ya tatu, hakufa hata mmoja. Wa siku ya tano, vivyo hivyo. Akaandika kwamba siku tatu zinatosha.

Jumanne akaipeleka ripoti kwa mwalimu wao wa utafiti, mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi, mtu wa vitendawili. Ukimwambia dawa fulani inafaa kwa sababu profesa kasema, alikuuliza profesa naye alijuaje. Ukimwonyesha kitabu, aliuliza mwandishi aliwapima akina nani, na ambao hakuwapima wako wapi. Wanafunzi walimtania kwamba hata akiambiwa jua limechomoza, atataka mashahidi watatu. Lakini waliopita mikononi mwake hawakudanganyika kirahisi, na penye jambo zito wodini ndio walioitwa.

Alisoma kurasa zote, Chapchap akichezesha mguu. Kisha akavua miwani.

"Hesabu yako safi, mwanangu. Kitendawili."

"Tega, mwalimu."

"Nimealika kijiji kizima karamuni, waliokuja ni walioshiba tu."

Chapchap akajaribu wageni wa harusi, akaambiwa sivyo. Akajaribu panya wa ghalani, sivyo. Akachoka, akampa mji.

"Mji sitaki, huu ninaokaa tayari una foleni ya kunitosha," mwalimu akasema. "Watoto mia na ishirini wa nimonia, na hakufa hata mmoja? Hospitali hii naijua, si peponi. Waliokufa wako wapi?"

Chapchap akafunua tena kurasa za hesabu yake, hakuwaona. Na la ajabu, mwalimu naye hakuwa na jibu, wala hakuona haya kulisema. Alisema hajui, na kwamba dawa ya kutojua ni kwenda kwa anayejua.

Masjala alikuwapo karani, mama wa makamo aliyeishia darasa la saba. Wanafunzi walikuwa wakimpita kama nguzo ya ukuta, na Chapchap alikuwa mmoja wao. Mwalimu akamwamkia kwa adabu, akamwita dada, akakaa juu ya boksi la karatasi, akamwambia wamekuja kufundishwa. Karani alicheka kwanza, akidhani anataniwa. Alipoona mwalimu ametoa daftari na kalamu, akasikiliza habari ya mafaili mia na ishirini, akauliza yalitoka rafu gani.

"Za dirishani," Chapchap akajibu.

"Hayo ni ya wanaorudi kliniki. Mtoto akifariki, faili lake nalifunga kamba nyeusi, naliweka kabati la ndani. Huu mwaka wa kumi na tisa nafanya hivyo. Si ungeniuliza, mwanangu?"

Neno lile lilimwingia Chapchap kama pilipili jichoni. Hapo kitendawili kikajitegua chenyewe. Aliwahesabu waliopona, kisha akashangaa kwamba wamepona.

Kabatini walikuta mafaili kumi na moja ya nimonia ya mwaka ule. Mawili yalikuwa ya walioruhusiwa siku ya tano, tisa ya siku ya tatu, na katika hao tisa, wanane hawakuwa wametimiza mwaka. Faili moja lilikuwa la mtoto wa miezi minne. Daktari aliandika kwa mwandiko mzuri: ameruhusiwa, mama amefurahi. Siku nne baadaye mama yule yule alimrudisha amechelewa.

Rafiki yake mmoja alimwambia apeleke ripoti ilivyo, kwani nani atafungua kabati? Usiku Chapchap aligeukageuka kitandani, gauni la mama likimjia machoni. Asubuhi akaenda kuomba aongezewe wiki.

"Siku sina za kukupa," mwalimu akamwambia. "Nitakaa nawe tu."

Na kweli alikaa, Jumatano na Alhamisi, mtu mwenye shahada zake, magoti yamejaa vumbi. Kila faili walilisoma wote wawili, kila mmoja akiandika pake bila kuchungulia mwenzake, kisha wakalinganisha. Pale mwandiko wa daktari ulipofanana na mikwaruzo ya kuku, karani ndiye aliyewasomea. Mwalimu akaagiza jina la karani litiwe kwenye ripoti pamoja na majina yao. Karani akaomba liandikwe kwa herufi kubwa, maana mumewe haamini kwamba huku anafanya kazi.

Ijumaa, mbele ya wasahihishaji, Chapchap alianza kwa kueleza alivyokosea, akafuata na kabati. Daktari mkuu wa wodi alikunja uso.

"Binti, nilikuomba vitanda, wewe umeniletea makaburi."

Chapchap alimtazama mwalimu wake. Mwalimu alikuwa anafuta miwani, hakuinua kichwa, basi Chapchap akajibu mwenyewe.

"Wakubwa unaweza kuwaruhusu siku ya tatu, daktari. Wa chini ya mwaka wabaki, tukiendelea kuchunguza. Mafaili kumi na moja ni machache, huenda nimekosea. Lakini nikikosea kwa hawa wadogo, mtoto amelala siku mbili za ziada. Wewe ukikosea, anaingia kabatini."

Walimhoji karibu saa nzima. Wakampa alama za wastani, kwa kuwa alianza vibaya na mwenyewe kaandika hivyo. Alifaulu. Mwalimu alimpa mkono na kumwambia kwamba katika miaka yake yote ya kufundisha, amesoma ripoti nyingi nzuri kuliko ile, ila ni chache alizoziamini hivyo.

Daktari mkuu alikuwa bado amekaa. Akatoa mfukoni orodha ya wanaoruhusiwa siku ile, akaikodolea macho kitambo, akakata majina matatu, akamsukumia Chapchap karatasi.

"Nenda ukawaambie mama zao wewe mwenyewe."

Mama wa kwanza alikwisha kumbeba mtoto mgongoni, mfuko uko miguuni. Alimsikiliza Chapchap mpaka mwisho, akasonya, akasema nyumbani kaacha wengine wawili. Chapchap hakubisha, alimweleza tena, polepole, habari ya watoto wadogo wa mwaka uliopita. Mama akausukuma mfuko chini ya kitanda. Kisha akafungua fundo la kanga kifuani, akainama, na Chapchap akampokea mtoto kwa nyuma.