Pini ya Ishirini na Nne

Pini zilikuwa ishirini na tatu.

Akazimwaga tena mezani, akazihesabu kwa kidole, moja moja, akizisukuma pembeni kama mtu anayechambua mchele. Ishirini na tatu. Akainama chini ya cherehani, akapapasa sakafu kwa kiganja, akaokota kifungo, nyuzi na ganda la karanga. Pini hakuna. Akapitisha sumaku kwenye mkeka, chini ya kiti, hata kwenye pindo la gauni alilovaa. Sumaku ikarudi tupu.

Mtu mwingine angesema, ah, pini moja tu, na iende zake. Mtu mwingine, sawa. Lakini huyu mtaa mzima ulimwita Pini, wakubwa kwa wadogo, na hawakumwita hivyo kwa sababu ya wembamba. Wembamba wenyewe hakuwa nao.

Jina lilianza miaka kumi na minne nyuma, alipokuwa msichana anayejifunza kushona kwa mama yake mkubwa. Mama mkubwa, dada wa mama yake mzazi, alikuwa na chumba cha cherehani nne na kazi ya sare za shule. Siku moja mtoto wa darasa la kwanza akavaa shati jipya, akageuza shingo kumwangalia mwenzake, na pini iliyosahauliwa ndani ya ukosi ikamchana kuanzia chini ya sikio hadi karibu na koo. Mtoto alipona, alama ikabaki. Mama wa mtoto huyo alikuja na shati lenye damu, akalitupa juu ya meza ya kukatia. Mama mkubwa hakuuliza mara mbili. Alimnyooshea kidole binti wa mdogo wake mbele ya wateja wote, akasema, "Ni huyu. Mikono iko kwenye nguo, akili iko dirishani."

Msichana alikula kiapo kwamba alizihesabu pini zake na zilitimia. Nani amsikilize? Alifukuzwa siku ile ile, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni. Kesho yake akaitwa Pini, na ndiyo ikawa imetoka.

Tangu hapo akawa na pini ishirini na nne, hapungukiwi wala hazidishi. Alizipaka vichwa rangi ya kucha nyekundu ili asitokee mtu wa kumbambikia pini isiyo yake. Alizihesabu kabla ya kushona na baada ya kushona. Mume wake, fundi saa, alizoea. Wakati mwingine akirudi nyumbani alikuwa anamsalimia, "Habari za watoto wako ishirini na nne?"

Na leo walikuwa ishirini na watatu, na yeye alijua kabisa huyo mmoja aliko.

Kulikuwa na kundi la mafundi wa mikono, wanawake kumi na wawili: mfinyanzi ambaye ndiye mwenyekiti, wafuma sweta, wasuka vikapu, na washonaji. Kila baada ya miezi mitatu walibadilishana mikoba waliyoshona wenyewe. Karatasi zilikunjwa zikatiwa kwenye chungu, na wawili waliookota namba inayofanana walishoneana. Sheria ilikuwa moja tu, na waliishikilia kweli: mkoba ukishakabidhiwa, aliyeushona haruhusiwi kuuomba tena, hata kwa dakika moja. Kuna mfuma sweta aliwahi kuuomba wake arekebishe zipu, akarudisha mwingine kabisa, mbovu, na kundi lilikaribia kuvunjika.

Safari hii Pini aliokota namba sita. Aliyeokota sita nyingine alikuwa mama mkubwa, ambaye alijiunga mwaka huu huu. Katika karatasi zote za dunia! Watu hawa wawili, kwa miaka kumi na minne, hawakuwa na mazungumzo zaidi ya "shikamoo" na "marahaba" kwenye misiba na harusi.

Basi Pini alishona. Wiki tatu. Alifumua mara mbili, akashona upya. Turubai la bluu iliyoiva, bitana ya maua madogo ya njano, kifuko cha miwani kwa sababu alisikia macho ya mama mkubwa yamepungua. Nisiwafiche: hakuwa anashona kwa upendo. Alitaka yule mama aupindue mkoba ndani nje, autafute ubaya, aukose. Basi. Hicho tu ndicho alichokitaka duniani.

Na asubuhi, kwenye makabidhiano ukumbini, mama mkubwa aliupokea, akaupapasa mshono kwa kidole gumba taratibu kama kipofu, akasema, "Mh." Akatoa wa kwake, wa kijivu, mzito, mishono ikiyumba kidogo. Pini akaenda nao nyumbani akautundika msumarini nyuma ya mlango bila hata kuufungua.

Sasa ilikuwa saa sita mchana, na alikumbuka. Alfajiri aliona bitana inalegea pembeni, akaifumua kidogo, akaikaza kwa pini, akaziba ule mwanya kwa mkono. Mume wake akaita kwamba chai inapoa na muda umekwenda. Akakata uzi, akakimbia. Hakuhesabu. Mara ya kwanza katika miaka kumi na minne, hakuhesabu!

"Mume wangu," alisema kutoka mlangoni, "pini imepungua."

Fundi saa alikuwa na lenzi jichoni na saa ya mteja mezani, tumbo wazi. "Nunua nyingine."

"Imebaki kwenye mkoba."

"Mkoba upi?" Akageuka, akauona uso wa mke wake, akaitoa lenzi. "Loo. Wa mama mkubwa?"

"Na kile kijukuu chake kimeanza kutambaa. Kinatia mdomoni hata viatu."

"Mpigie simu."

Alipiga. Ikaita mpaka ikachoka. Akapiga tena, akizunguka chumba, akikaa, akisimama, akifungua dirisha na kulifunga bila sababu. Mara ya tatu pia kimya. Akampigia mwenyekiti kuuliza kama mama mkubwa bado yuko ukumbini.

"Ameshaondoka zamani," mwenyekiti akasema, na nyuma yake vyombo vilikuwa vinagongana. "Alikuwa na yule mjukuu mgongoni. Kameshika mkoba wako kanatafuna mshikio, ungekaona! Vipi, Pini, unataka sifa zako mapema?"

"Hapana," Pini akasema, akakata simu. Akabeba sumaku na mkasi mdogo wa kufumulia, akatoka na ndala za kuogea miguuni. Fundi saa akapaza sauti nyuma yake kwamba achukue viatu. Aliyesikia nani?

Njia ilikuwa ya nusu saa kwa miguu, na kwa nusu saa hiyo hakukosa la kujiambia. Uongo ulimjia wa kila rangi. Nitasema nimesahau kuweka kifungo. Nitasema nimeacha risiti ndani. Nikimkuta amelala, naingiza vidole tu, naitoa, nani atajua? Penye duka la vyuma alisimama kabisa akageuka kurudi nyumbani. Maana hebu fikiria mwenyewe: miaka kumi na minne unaapa kwamba si wewe, halafu unakwenda kwa miguu yako mwenyewe, kwa mtu yule yule, kumwambia kwamba umesahau pini. Si ndiyo umetia sahihi? Angekufa na jina hilo. Wangeliandika kaburini.

Alitembea hatua kumi za kurudi. Halafu akaliona lile shati. Ukosi mweupe, na damu iliyokauka ikawa ya kahawia. Akajisonya kwa sauti, mpaka mwenye duka akainua macho, akageuka tena na safari hii akawa anakimbia nusu, anatembea nusu, ndala zikimpiga visigino.

Mlango wa mama mkubwa ulikuwa wazi. Zile cherehani nne zilikuwa zimebaki moja, imefunikwa shuka. Mama mkubwa alikaa kwenye kiti karibu na dirisha, mikono mapajani, hafanyi kitu. Na chini kwenye mkeka, Mungu wangu, mtoto alikuwa amekalia mkoba wa bluu, ameupindua, kona ya bitana yote iko mdomoni.

Pini hakubisha hodi. Aliruka, akaunyakua. Mtoto akaangua kilio kama amenyang'anywa urithi.

"Shikamoo, mama mkubwa," Pini akasema, anahema.

"Marahaba. Ndiyo salamu za siku hizi, kumnyang'anya mtoto?" Mama mkubwa alimwinua mjukuu, akampakata. "Sheria unaijua. Mkoba huo si wako tena."

Kifungo, moyo ukamwambia. Sema kifungo.

"Nimesahau pini ndani," Pini akasema. "Nilikaza bitana alfajiri, sikuhesabu. Nimesahau pini, mama mkubwa. Haya, nimesema. Mwangalie mtoto mdomoni."

Mama mkubwa hakumwangalia mtoto mdomoni. Alimtazama Pini kwa muda mrefu, na uso wake haukuwa wa mtu aliyeshinda. Ulikuwa wa mtu aliyepewa habari mbaya.

"Fumua," akasema.

Pini akapiga magoti mkekani. Mshono alioufunga kwa mkono, ule mzuri usioonekana, aliukata uzi kwa uzi. Akaupindua mkoba, akapapasa kona zote nne, akapitisha sumaku mara moja, mara mbili, kwenye mishikio, ndani ya kifuko cha miwani. Hakuna. Jasho likamtiririka mpaka puani. Akamfungua mtoto kinywa mwenyewe, akapitisha kidole kwenye ufizi. Hakuna.

"Haimo! Twende hospitali, mama mkubwa. Ameimeza. Inuka twende!"

"Kaa chini."

"Nakwambia ameimeza!"

Mama mkubwa akaukunjua ukosi wa blauzi yake. Pale upande wa ndani kulikuwa na pini imechomekwa vizuri, kichwa chake chekundu.

"Niliigusa asubuhi pale pale ukumbini," akasema. "Macho yamekwenda, kidole bado. Niliisukuma kwa kucha ikatoka, kabla mtoto hajaushika."

Pini alikaa kitako mkekani. Kwanza ilikuja furaha. Halafu hasira ikaja, na ikaja yote. "Uliniacha nikimbie njia nzima? Uliniacha nifumue kazi ya wiki tatu? Nimepiga simu mara tatu!"

"Niliisikia. Iko kwenye droo."

"Ulitaka nini kwangu, wewe mama?"

"Nilitaka usije." Mama mkubwa alisema hivyo, akamvuta mjukuu kifuani. "Nimekaa hapa tangu saa tano namwomba Mungu usije. Ungekaa kimya, ningepumzika. Ningesema, basi, na yeye ni kama mimi, kila mtu angefanya hivyo. Ukaja. Hata mchana haujaisha, umekuja."

"Kama wewe vipi?"

Mtoto alikuwa amenyamaza, anachezea kifungo cha bibi yake. Mama mkubwa akamshika ile mikono midogo.

"Ile siku ya shati. Nilipokwisha kukufukuza nilikaa nikahesabu pini zangu. Zilipungua moja. Nilihesabu mpaka giza likaingia. Nikasema, kesho nitakwenda kwao niseme. Kesho yake watu walikuwa wameshakupa jina, na kazi ya sare haikuondoka, wakasema mama huyu ni mkali, hana mchezo. Nikasema, wiki ijayo. Wiki gani hiyo? Imekuwa miaka kumi na minne."

Pini alisimama. Akaenda mlangoni. Akarudi. Akaenda tena, akashika kizingiti, akarudi. Maneno yalikuwa mengi, yakagombania mlango mmoja.

"Mama yangu alikufa anaamini ni mimi," akasema mwishoni. "Aliniambia, mwanangu, siku nyingine uwe makini. Yuko kitandani, anakufa, ananiambia niwe makini."

Mama mkubwa alilia bila kujifunika uso. Pini hakumbembeleza. Alifungua droo, akatoa simu, akamtafutia jina la mwenyekiti, akampa mkononi huku sauti ameifungulia yote. "Sema."

Na yule mama alisema. Kwa haki ya Mungu alisema, bila kuzunguka. "Mwenyekiti, ile pini ya shati la yule mtoto, miaka ile, ilikuwa yangu. Huyu binti hakuwa na kosa. Nilijua siku ile ile nikanyamaza. Mwambie kila mtu, na tukikutana nitasimama niseme mwenyewe."

Upande wa pili vyombo viliacha kugongana. "He!" mwenyekiti akasema. "He, jamani! Sasa Pini mwenyewe yuko wapi, anajua?"

"Yuko hapa. Usimwite hivyo."

"Nimwiteje sasa, na ndivyo tulivyozoea?"

Mama mkubwa akamwangalia aliyesimama mbele yake na ndala za kuogea na mkasi mkononi. "Mwite fundi," akasema.

Simu ilipokatika, mama mkubwa alimweka mtoto chini, akauvuta mkoba uliopasuliwa bitana, akatafuta uzi wa njano na sindano. Akatia mate kwenye ncha ya uzi, akainua sindano kwenye mwanga wa dirisha, akakosa tundu. Akajaribu tena, akakosa. Mara ya tatu uzi ukapita kando kabisa.

Fundi alimtazama akihangaika. Alikuwa bado na hasira, na alijua hasira hiyo haitaisha leo wala wiki hii. Akamnyang'anya sindano, akautunga uzi mara moja tu, akafunga fundo, akamrudishia. Kushona, ashone mwenyewe.

Kisha akavuta kigoda akakaa kusubiri. Pini yake nyekundu ilikuwa bado kwenye ukosi wa mama mkubwa, na hakuwa na nia ya kurudi nyumbani bila ile ya ishirini na nne.