Aproni ya Kumi

Kwa bei ya tiketi moja ya sinema, fundi cherehani angenunua nyuzi za mwezi mzima. Lakini ndani ya filamu ile kulikuwa na gauni jekundu alilolishona kwa mikono yake, na Jumatano ndiyo ilikuwa siku ya mwisho kuonyeshwa. Mama mkwe wake hakuwa ameamini hata kidogo. Alishonewa foronya kwa mabaki ya kitambaa kile kile, akailalia, na bado akabisha.

"Wewe wa kupunguza suruali za watu, leo umemvalisha mcheza filamu?" alizoea kusema, kisha akacheka mpaka machozi.

Basi fundi alipoliona tangazo mlangoni mwa sinema, kwamba kikundi cha watu kumi wenye sare hulipa nusu bei, moyo ulimruka. Sare! Si ndiyo kazi yake? Alikuwa na kitambaa cha bluu kilichobaki kwenye oda ya aproni za hoteli. Akawashawishi mawifi na majirani, akawapima mmoja mmoja, akashona siku mbili mfululizo. Ya mama mkwe aliishusha hadi vifundoni, maana nguo fupi bibi huyo hazitaki hata kuzisikia.

Jumatano mchana wakajipanga dirishani, aproni zao zimenyooka kwa pasi. Mkata tiketi akawahesabu kwa kidole.

"Wenye sare ni tisa. Na wewe mama, yako iko wapi?"

Fundi akajitazama. Blauzi ya kijani, sketi ya kahawia. Alikuwa ameandika vipimo vya kila mtu kwenye daftari, akashona kufuata daftari, na yeye mwenyewe hakuwemo. Nani amewahi kumpima fundi? Aibu ikamshika mwili mzima.

"Bila sare ya kumi ni bei kamili," mkata tiketi akasema. "Na filamu inaanza baada ya robo saa."

Mawifi wakatazamana. Bei kamili hakuna aliyekuwa nayo. Fundi akasubiri kicheko cha mama mkwe, lakini bibi akasogea mbele na kuinua pindo la aproni yake.

"Kata hapa, magotini."

"Mama, itabaki fupi."

"Kata, nimesema! Nimetembea na joho hili mtaa mzima halafu nirudi bure?"

Mkasi ulikuwa mkobani. Sindano ilikuwa kwenye ukosi wa blauzi, na uzi wake, mahali inapolala siku zote. Fundi akakata, akakunja, akashona amesimama. Watu wa foleni waliokuwa wakinung'unika wakasogea kutazama vidole vyake. Akakata uzi kwa meno, akajifunga kipande kile kiunoni.

"Mbona fupi?" mkata tiketi akauliza.

"Fupi, ndefu, kitambaa si kimoja?" mama mkwe akamjia juu. "Hesabu tena!"

Akahesabu. Kumi. Nusu bei.

Ndani, gauni jekundu likashuka ngazi, likajaa skrini nzima. Fundi akauona mshono wa kiunoni alioufumua mara nne, umetulia tuli, akalia bila kujificha. Mwanamke wa kiti cha mbele akamgeukia mwenzake.

"Jamani, gauni hilo! Fundi wake nani?"

Mama mkwe alikuwa ameshasimama, aproni magotini, akiwaziba watu wa nyuma.

"Foronya yangu ile!" akapiga kelele. "Mkwe wangu ndiye aliyelishona! Huyu hapa, mtazameni!"