Barua Iliyofunga Kituo cha Nsongole

Watu wa Nsongole walimfahamu Tukuswiga Mwampashi kabla hawajaifahamu kazi yake. Walikuwa wakimwona akishuka kwenye pikipiki chini ya kilima, anavua viatu na kuupanda mlima peku, kwa sababu udongo wa kule mvua ikinyesha haukubali kiatu. Alikuwa mratibu wa malezi na makuzi ya watoto wadogo katika halmashauri, mwanamke wa miaka arobaini na moja, mzaliwa wa vilima hivyohivyo vya mkoa wa Songwe. Maofisa wenzake walizoea kuitisha mkutano wa kijiji, kusoma walichotumwa, kisha kuwahi gari kabla ya mvua. Tukuswiga alianzia jikoni. Aliingia nyumba kwa nyumba, akaomba kigoda na kisu, akamenya viazi pamoja na wenyeji wake huku akiongea nao Kinyiha.

"Mkutanoni watu wanakukubalia," alikuwa akiwaambia ofisini. "Jikoni ndiko wanakokuambia kwa nini hawatafanya."

Hivyo ndivyo kituo cha Nsongole kilivyoanza. Kijiji kilikuwa na ghala la zamani la kahawa, limebaki kuta na bati. Akina mama walilipiga lipu kwa udongo na majivu, wakachora tarakimu ukutani kwa rangi iliyosalia kanisani, na kila nyumba ikakubali kuleta unga wa uji na karanga. Aliyechaguliwa kuwa mlezi ni Tabita, mjane mwenye sauti ya upole aliyekuwa akifundisha watoto shule ya Jumapili. Tukuswiga alimtafutia mafunzo ya wiki mbili, na aliporudi wakaanza na watoto tisa. Mwaka wa pili walifika thelathini na wanne. Mama zao waliwaacha asubuhi wakienda shamba, wakawachukua jua likianza kupoa.

Mmoja alichelewa kuletwa. Aliitwa Gwantwa, mtoto wa pekee wa mwanamke anayeitwa Ferista, ambaye mumewe alikwenda kutafuta dhahabu upande wa Mkwajuni na habari zake zikakatika. Gwantwa alikuwa na miaka miwili na nusu na hajawahi kutamka neno. Majirani walishaanza kumwita bubu, na Ferista, kwa kuogopa hilo jina, alikuwa akimfunga mgongoni kila aendako, hata shambani, hata kisimani, japo mtoto alishakuwa mzito.

Tukuswiga alikwenda kwa Ferista mara sita. Mara ya kwanza hakukaribishwa ndani. Mara ya tatu alipewa kiti. Mara ya tano Ferista alilia, akasema hawezi kumpeleka mtoto mahali pa kuchekwa.

"Mama Gwantwa, akichekwa siku moja, njoo umtoe, nami nitakuomba radhi mbele ya watu," Tukuswiga alimwambia mara ya sita. "Nipe wiki moja tu. Mimi mwenyewe nitashinda naye siku ya kwanza."

Alishinda naye kweli, mtoto amemshika sketi kutwa nzima. Wiki ikawa mwezi. Katika mwezi wake wa nne kituoni, Tabita alikuwa anagawa uji na akamruka Gwantwa kwa bahati mbaya, na mtoto akasema kwa sauti kila mtu asikie, "Na mimi." Tabita aliacha sufuria palepale akamtuma mtu mbio shambani. Ferista alifika na jembe begani, akapiga magoti mlangoni, akamwomba mwanawe aseme tena. Akasema tena. Tangu siku hiyo Gwantwa hakunyamaza, na Ferista akawa mtu wa kwanza kufika kituoni kila asubuhi.

Sifa za Nsongole zilifika mbali. Wageni walikuja kupiga picha. Tukuswiga akaanza kuitwa kwenye vikao vya mkoa kueleza amefanyaje, na vikao vilipoongezeka, safari za vijijini zikapungua. Hakuliona jambo hilo likitokea. Alijiambia kwamba anawasemea watoto wengi zaidi akiwa mezani kuliko akiwa kwenye kigoda.

Mwezi wa sita, mwaka uliofuata, lilikuja agizo: vituo vyote visivyosajiliwa vifungwe mpaka vitimize masharti. Nsongole ilikuwa na kila kitu isipokuwa choo. Shimo lilikuwa limechimbwa, kuta bado. Mkuu wake wa idara, Clement, mtu asiyependa matatizo wala kelele, alimwita ofisini.

"Agizo linaruhusu kuomba muda," Tukuswiga alisema. "Naweza kuwaandikia maelezo, nikaenda nikakaa nao wakamalizia."

"Unaweza," Clement alijibu. "Lakini wiki ijayo unasimama mkoani kueleza kazi yetu. Ukiulizwa kama vituo vyako vyote vimetimiza masharti, utasemaje? Wafunge kwa muda, wakimaliza choo wafungue. Ni wiki tatu, nne. Uamuzi ni wako, mratibu ni wewe."

Tukuswiga alifikiri kwa muda usiozidi kunywa kikombe cha chai. Kisha akaandika barua, akaisaini, akaipiga picha na kuituma kwa simu kwa Yesaya, mtendaji wa kijiji cha Nsongole. Yesaya akajibu, "Imepokelewa, Madamu." Ilikuwa mara ya kwanza Tukuswiga kuipelekea Nsongole habari bila kwenda mwenyewe. Angekwenda, angeona yale ambayo mtu wa mjini husahau: kahawa ilikuwa imeiva yote kwa pamoja mwaka ule, kila mwenye mikono alikuwa shambani kutoka alfajiri, na hapakuwa na mtu wa kujenga choo wala wa kubaki na watoto.

Tabita alimpigia simu jioni ile. "Madamu, nimesoma barua. Siwezi hata kukaa nao hapa nyumbani kwangu?"

"Tabita, tukifanya hivyo tutakuwa tumefungua kituo kingine bila kibali. Vumilia kidogo."

"Sawa, Madamu," Tabita alisema, na hakukata simu mara moja.

Siku ya tisa baada ya kituo kufungwa, Ferista alimpeleka Gwantwa shambani kwa tajiri mmoja, alikokuwa akichuma kahawa kwa kibarua. Mtoto sasa alikuwa anakaribia miaka minne, hawezi tena kubebwa mgongoni huku mama akichuma. Ferista alimtandikia khanga chini ya mgomba, akampa hindi la kuchoma, akamwambia asitoke. Kila alipomaliza mti mmoja alimwita, na Gwantwa aliitika. Mti wa nne akamwita, akaitika. Mti wa tano hakuitika.

Nyuma ya migomba kulikuwa na shimo lililochimbwa kutunzia maji ya kuoshea kahawa, halina uzio, maji yake yamegeuka rangi ya chai. Ndimo walimomkuta.

Tukuswiga alikuwa amesimama mbele ya ukumbi, mkoani, anaeleza. Simu iliyokuwa mezani ilitetemeka na jina la Tabita likatokea. Akaigeuza kifudifudi. Ikatetemeka tena, na tena. Alimaliza kueleza, akapigiwa makofi, akajibu maswali mawili, ndipo akatoka nje na kupiga.

"Ni Gwantwa," Tabita alisema. "Ameingia kwenye maji." Baada ya hapo yakawa maneno ya kilio tu, na Tukuswiga akabaki amesimama uani, watu wakipita na sahani za chakula, wengine wakimpa hongera.

Clement alimfuata. Alipoambiwa, akavua miwani. Hakuwa mtu mbaya. "Mungu amlaze pema," alisema. Kisha akasema, "Usiende. Tutatuma rambirambi kwa jina la ofisi. Ukienda wewe, itaonekana umekiri kosa, na watu wana uchungu."

"Nani atakwenda, kama si mimi?"

"Sijasema asiende mtu. Nimesema usiende wewe."

Alikwenda. Alifika Nsongole asubuhi ya mazishi, akapanda kilima na viatu vyake mkononi kama zamani, na watu waliozoea kumkimbilia kumpokea mizigo walibaki wamekaa. Wanaume walikuwa nje chini ya turubai, wanawake ndani wamekaa chini kwenye mikeka. Alipoingia, wimbo uliokuwa unaimbwa haukusimama, ila mwanamke mmoja alivuta miguu yake pembeni kumpisha, kama mtu anavyompisha asiyemjua.

Ferista alikuwa ameegemea ukuta, kichwa kimefunikwa. Tukuswiga alipiga magoti mbele yake.

"Pole, Mama Gwantwa."

Ferista alifunua kichwa. Hakulia. Alizungumza taratibu, kwa Kinyiha, kila neno likisikika chumba kizima.

"Kunishawishi nimlete ulikuja mara sita. Nilizihesabu. Kunifungia mlango hukuja hata mara moja."

Tukuswiga aliinuka. Alirudi nyuma, akakaa karibu na mlango kwenye sakafu tupu, na pale akabaki mpaka walipotoa jeneza. Lilikuwa dogo kiasi kwamba mtu mmoja angeweza kulibeba, lakini walilibeba wanne, ili Gwantwa apewe heshima ya mtu mzima. Watoto wa kituo walikuwa wamesimama na Tabita kando ya njia, wamevaa nguo zao za kanisani. Mmoja aliuliza kama Gwantwa atakuja kesho. Tabita alimvuta karibu akamwambia kituo bado kimefungwa, kisha akatambua alichokisema, akageuza uso.

Makaburini, baada ya udongo, Yesaya alisimama kutangaza salamu. Alikuwa na hofu, maana barua ile ilipitia mkononi mwake. "Sasa tunamwomba Madamu mratibu atusalimie kwa niaba ya serikali," alisema.

Tukuswiga alikuwa na karatasi ya rambirambi za ofisi, ambayo Clement alimpa alipoona hazuiliki. Hakuitoa.

"Sina salamu za serikali," alisema. "Barua iliyofunga kituo niliisaini mimi. Yesaya hakuiandika, Tabita aliomba akae na watoto kwake, nikamkatalia. Agizo liliruhusu niwaombee muda, sikuomba. Nilikuwa na kikao, nikaona aibu kusema hamna choo. Nilimwahidi Mama Gwantwa kwamba mtoto wake akichekwa tu nitaomba radhi mbele ya watu. Naomba radhi. Najua haimrudishi."

Mzee mmoja alikohoa. Mchungaji akaanza wimbo, na watu wakauchukua polepole, mpaka ukaenea.

Wiki iliyofuata wanaume wa Nsongole waliacha kahawa siku tatu, wakajenga choo. Hawakumwambia Tukuswiga wala kumwomba bati. Yesaya alimpigia tu kumtaka aje kukagua. Alikuja, akakagua, akajaza fomu, na cheti kilipotoka alikipeleka kwa mkono wake. Tajiri mwenye shamba alizungushia lile shimo uzio wa miti. Kituo kikafunguliwa mwezi wa nane. Asubuhi ile Tabita alipogawa uji, mikono yake ilijaza vikombe thelathini na vinne kwa mazoea, na kimoja kikabaki mezani mpaka kikapoa. Hakuna mtoto aliyekigusa.

Maneno Tukuswiga aliyoyasema makaburini yalifika ofisini kabla yake. Aliandikiwa barua ya kujieleza, akajieleza kwa mistari mitano. Hakufukuzwa. Aliondolewa kwenye uratibu, akapewa dawati la wazee na watu wenye ulemavu, na uratibu akapewa Jenista, msichana aliyekuwa msaidizi wake. Jenista alipomuuliza aanze wapi, Tukuswiga alimwambia, "Kabla hujafunga mlango wowote, kalale kijijini." Clement alilisikia neno hilo, akalifanya kuwa utaratibu wa idara. Hakusema limetoka wapi.

Kwa Ferista, Tukuswiga alikwenda mara kadhaa. Alipewa kiti kila mara. Walimenya maharage bila kusema, na akiondoka Ferista hakumsindikiza. Mwishoni mwa mwaka alikuta nyumba imefungwa. Jirani akasema amehamia Tunduma kwa dada yake, kwamba hakuweza tena kukaa mahali ambapo kila mtu alimwita Mama Gwantwa.

Walikutana mwaka uliofuata. Tukuswiga alikwenda Tunduma kikazi, akapita sokoni, akamwona Ferista nyuma ya magunia ya maharage, amekonda, kitambaa cheusi kimefungwa vizuri kichwani. Alitaka kupita. Ferista alikwishamwona.

"Dada Tukuswiga."

"Ferista. Habari za siku?"

"Nipo."

Mteja kutoka ng'ambo ya mpaka alifika, akainama kwenye gunia akayapekua maharage kwa vidole. "Bamayo, haya ya mwaka huu?" aliuliza, akimwita mama kwa lugha ya kwao. Ferista akamjibu, akampimia, mteja akaondoka. Wakabaki tena wawili.

"Tabita ananipigia," Ferista alisema. "Anasema watoto wamefika arobaini."

"Nami nimesikia hivyo."

"Nikiambiwa nafurahi. Halafu nachukia kwamba nimefurahi." Alikuwa anasawazisha maharage kwa kiganja, akiyarudisha yaliyomwagika. "Sijakusamehe. Najaribu kanisani, siwezi. Lakini wengine wote walinijia wakasema ni mapenzi ya Mungu. Wewe peke yako ulisema ni wewe."

Machozi yalimtoka Tukuswiga, akayaacha.

Ferista alivuta ndoo tupu, akaigeuza chini juu, akaifuta kwa upande wa khanga yake. "Kaa," alisema. "Jua kali."

Akakaa. Malori yalikuwa yamepanga foleni kuelekea mpakani, vumbi limetanda barabara nzima. Wateja walikuja na kwenda. Ferista aliuza, Tukuswiga akamshikia mifuko, na mchana wote hawakumtaja mtoto.